Mkono Uliobaki Kwenye Picha

Jumanne, mtaani Highview

Leo siri yangu imefichuka. Na yote hii imeanzia kwenye kazi ya shule!

Furaha alikuwa mezani akiandika habari za Hatshepsut, malkia wa Misri ya kale aliyejifanya farao kamili, hadi kuvaa ndevu za bandia. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Bon, haya, akanigeuzia kompyuta nione ukuta wa hekalu. Miaka baada ya malkia kufa, mtoto wa mumewe aliagiza sura zake zifutwe kwa patasi. Lakini umbo lake limebaki pale pale, kichwa na mabega, kama kivuli.

"Kama picha yetu, Mama," akasema.

Mwiko ukanitoka mkononi.

Ile picha ya kambi ya wakimbizi, marehemu baba yake, mume wangu, amesimama, Furaha akiwa mchanga. Hata baba yake nilimwambia upande mmoja ulitafunwa na panya. Muongo mimi! Niliukata kwa makasi wiki ile niliyoolewa, kwa kumwonea wivu mwanamke aliyekwisha kufa, mama aliyemzaa Furaha. Donc, yaani, nikasahau mkono wake mmoja. Vidole vyake bado vimemshika mtoto mgongoni.

"Panya hawakati mstari ulionyooka," Furaha akasema. "Ni wewe?"

Nikakubali. Nilingoja anipigie kelele. Akauliza tu, polepole, "Alikuwa anafananaje?"

Sikuwahi kukutana naye. Picha yake ilikuwa hiyo moja tu. Mimi ndiye wa mwisho kuushika uso ule, na nilipokuwa naukata sikuutazama.