Biwa ya Bibi Sato

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo umekuachia kidogo? Sie wazima, ila baridi ya Harrow imetukausha midomo. Mjukuu wako Haifa anakusalimu, Kiswahili anakisikia chote, kujibu anajibu Kiingereza.

Baba, nina jambo la kukueleza. Bibi Sato, yule mzee wa Kijapani ninayemhudumia, juzi nilikwenda na Haifa kwake, akaniomba nimteremshie ala yake ya nyuzi ukutani. Siku zote nikidhani ni udi: tumbo la duara, shingo imepinda nyuma kama wa kwako. Akasema ni biwa, nduguye udi. Asili yao moja, upande wa Uajemi. Mmoja alikuja kwetu kwa Waarabu, mwengine akapita China mpaka Japani, miaka zaidi ya elfu. Huko zikawa namna nyingi: ya ikulu, inayolazwa mapajani, ya watawa vipofu waliosimulia vita, ya jimbo la Chikuzen, ndogo, waliyoipenda wanawake, na hii yake ya jimbo la Satsuma, ya askari wa panga.

Kisha akashika kipigio kikubwa kama kipepeo cha kupepea mkaa, akaitandika tumboni, paa! Nikajua akili imemruka. Kwetu nani kathubutu kuweka hata kidole kwenye uso wa udi? Nikampokonya. Mie, mtumishi, nikampokonya mzee kitu chake! Haifa akauliza kwa Kiingereza chake kwa nini mama anaiba. Nikaona kazi imekwenda, na viza nayo.

Bibi Sato akacheka mpaka akakohoa. Akasema ya Satsuma hupigwa hivyo hivyo, ndiyo sauti ya vita, na ubao wake unastahamili. Akaniuliza nani alinitia hofu ile. Nikalia, hata Haifa akaniletea tishu.

Kwa sababu, Baba, ule ufa wa udi wako hakuufanya kaka Hafidh. Ni mimi. Ulikwenda kuswali Ijumaa, nikauchukua nijaribu, maana wasichana hukutufundisha. Ukaniponyoka, ukagonga kizingiti. Ulipompiga kaka yangu nilikuwa nyuma ya pazia, nikanyamaza. Miaka kumi na minne sasa. Naye hajagusa uzi tena, nawe humwiti mazoezini.

Nikasirikie utakavyo. Lakini kabla hujanijibu, mpe Hafidh udi mkononi, umwambie nimesema. Nami nitangoja simu, nikitumai nitausikia kwa nyuma.

Mama mpe salamu zake, na Haifa anakubusu mkono.

Mwanao,
Mwanabaraka