Baba Niliyesoma Naye Darasa Moja

Baba yangu mpendwa,

Jumatatu naanza kufundisha somo la kuhubiri katika seminari yetu ya Nyamasaria, kwenye darasa lile lile la mabati ambalo mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza mpaka ipite. Nimekabidhiwa ufunguo. Ni mwaka sasa tangu tukuzike, lakini tangu nipewe ufunguo huo nimekuwa nikizungumza nawe nikiosha vyombo, nikipanga vitabu, hata sokoni. Nimeona heri niandike, watu wasije wakasema mwalimu mpya amerukwa na akili.

Unakumbuka siku ya kujiandikisha? Ulikuwa umelichunga kanisa lako la Sondu zaidi ya miaka ishirini bila cheti chochote. Seminari ilipoungana na chuo kikuu, ukasema nawe unataka karatasi yenye muhuri. Karani alidhani umenisindikiza mimi. Ukamwambia, "Hapana, madam. Huyu ndio amenisindikiza." Tukapitia Kondele kukununulia koti la mtumba la kuvaa kwenye ibada za chuo. Mikono yake ilikuwa mirefu mno, ukakataa ipunguzwe, eti bado unakua.

Kisha ukaniwekea sheria. "Nyara," ulisema, maana hujawahi kuniita jina lingine zaidi ya hilo, yaani "binti yangu" kwa Kijaluo, "kwa klasi usiniite Baba. Niite Ndugu kama hao wengine." Nilijaribu, nikashindwa. Kila mara nilisema "Ndugu Baba", na muda si muda hata mkuu wa chuo akakuita hivyo kwenye sala ya asubuhi.

Lakini kabla ya seminari tulikuwa na kazi yetu, mimi na wewe. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili nilisimama kushoto kwako kila Jumapili, nikikutafsiria. Wewe kwa Kijaluo, mimi kwa Kiswahili, kwa ajili ya Wakipsigisi na Wakisii wenye vibanda sokoni. Wewe sentensi moja, mimi sentensi moja. Ukipandisha sauti, napandisha. Ukipiga mguu chini, nami napiga. Siku moja ulipiga chafya, nami nikapiga chafya, kanisa zima likavunjika mbavu. Nilikuwa na furaha pale ambayo sijaipata kwingine.

Ikafika zamu yako ya kuhubiri darasani. Desturi unaijua: mhubiri ana dakika kumi na tano, wenzake wamekaa na fomu za alama, kisha wanamchambua naye haruhusiwi kujibu. Ulichagua kondoo aliyepotea. Ulihubiri kwa Kiswahili, lakini mwili wako ulikuwa Sondu. Ulisema sentensi moja, ukanyamaza, ukageuka kidogo kushoto. Ukasema nyingine, ukanyamaza tena. Vijana wa nyuma wakaanza kucheka chini chini. Kengele ililia kondoo bado hajapatikana.

Mwalimu akauliza nani ataanza. Nikanyoosha mkono, Baba. Niliogopa watasema nakupendelea. Na kusema kweli, niliona aibu. Nilitaka wale waliosoma Nairobi waone mimi si mtoto wa kanisa la sokoni. Nikasema, "Ndugu anakatakata maneno. Anapoteza muda kwa kunyamaza." Nilijua kabisa kwa nini ulikuwa unanyamaza. Mle ndani hakuna mwingine aliyejua.

Ukaitikia kwa kichwa na kuandika maneno yangu kwenye daftari. Tulipokuwa tukila omena jioni ile ukaniambia, "Hiyo kitu ulisema ni ya ukweli, Nyara. Hata nimeandika." Jumapili iliyofuata nilipoinuka kwenda mahali pangu, ukaniashiria nikae. Ulihubiri kwa Kiswahili peke yako, ukisoma karatasi, bila kituo. Nyanya, mama yako, ambaye hakujua Kiswahili, alikaa mstari wa mbele akikutazama mdomo hadi mwisho. Na ikawa hivyo kila Jumapili, mpaka ugonjwa ulipokushusha mimbarini.

Siku ya mahafali ulipewa nafasi ya kusema, kwa kuwa wewe ndiwe uliyekuwa mkongwe wetu. Ukashika kipaza sauti. "Mimi nimehubiri miaka mingi," ulisema, "lakini huyu msichana yangu ndio alinifunza kuhubiri." Watu wakasimama kupiga makofi. Nikasimama, nikapiga nao.

Baada ya siku hiyo nilikuwa na muda tele wa kukuambia ukweli. Nikawa naahirisha: mara kuna wageni, mara umechoka, mara nitakuja tena wiki ijayo. Wanasema majuto ni mjukuu; wangu amenifikia hata mtoto sijapata. Nimekukosa, Baba. Nakosa hata lile koti lako.

Jumatatu nitasimama mbele ya watu waliokuja na namna zao za kuhubiri, nao wataniamini kwa kuwa nina shahada. Siwezi kuufungua mlango ule kabla sijasema hili. Hukuwa na kosa lolote siku ile. Ulikuwa unaniachia nafasi yangu, sentensi baada ya sentensi, mbele ya watu wote, nami nikabaki nimeketi, nikakuandikia alama nne kati ya kumi.

Nisamehe, Baba. Lala salama.

Ni mimi, Nyara,
mkalimani wako.