Kaburi la Mama kwenye Uwanja wa Sola

Chumba cha juu ya duka la dobi,
9 Agosti, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo, dada? Magoti yanasemaje, na shemeji amepona kile kikohozi? Mimi mzima, ila macho yanadai miwani mipya na usingizi umenihama.

Naandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza, useme yamekwisha. Kwako yamekwisha. Mimi bado sina pa kuuweka uso wangu.

Siku ile mhandisi wa mitambo ya sola alipotaka mkubwa wa familia aonyeshe kaburi la mama, wasije wakajenga juu yake, nilifurahi kupita kiasi. Miaka yote hii hakuna aliyehitaji neno langu huko. Ukazungusha simu nione shamba. Miti ya mpaka imekatwa, njia ya kisimani imefutika, paneli safu kwa safu zimeinua uso kwa jua. Sikutambua kitu. Badala ya kukiri, nikasema kwa sauti ya baba, "Hapo, karibu na mwamba."

 

Wewe unayelipalilia kaburi lile kila mwaka ulinyamaza, maana kaka mkubwa hakosolewi mbele ya wageni. Wakazungushia uzio mahali patupu. Pale alipolala mama wakapigilia vigingi vya alama, wachimbe msingi wa makontena ya betri, yale yanayohifadhi umeme wa mchana utumike usiku.

Mwanao, fundi umeme wa hapo, ndiye aliyenipigia. Unamjua kwa mizaha. "Mjomba, bibi aliyekuwa akiwazimia taa msimalize mafuta, wiki ijayo tunamtwika umeme wa mji mzima." Nilicheka. Yeye hakucheka. "Mama yangu alijua pale si penyewe, mjomba. Alikusitiri."

Ndipo nikakupigia tena, nikaomba mhandisi na wazee wote wa kijiji wasikie. Ukaninong'oneza niyaache, utaongea nao pembeni. Ulitaka kunisitiri mara ya pili, nami nusura nikubali.

"Sikumbuki kaburi la mama yangu lilipo," nikawaambia. "Nilibahatisha. Muulizeni mdogo wangu. Neno lake ndilo neno la nyumba yetu."

Yule jirani yetu tunayemwita Mdomo akasema, "Huyo ndiye msomi tuliyekuwa tukimngoja."

Nashukuru msingi umesogezwa, na mama hajaguswa. Ila aliyemwokoa ni mwanao, si mimi.

Mhandisi amenialika siku ya kuwasha mitambo, nikae mbele kama mkubwa wa familia. Kiti hicho kikalie wewe, wala usimwachie mtu.

Nisalimie shemeji, fundi wetu na mkewe, na shangazi. Hata Mdomo msalimie. Sina kinyongo naye. Mungu akulipe kwa subira yako, awape wote afya na usingizi mwema.

Usinitayarishie chumba. Nikija, itabidi unishike mkono kama mgeni, ukanionyeshe alipo mama yangu. Aibu hiyo siiwezi, kwa hiyo sitarudi.

Nduguyo anayekupenda,
Kaka yako