Sauti ya Gwaride

Bugembe, Jinja
4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Salamu kutoka Bugembe. Mwili wangu mzima, moyo usiuulize. Goti lako je?

Naandika kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Jana niliiweka simu mezani, na bado jirani wa upande wa pili wa ukuta akaniuliza polisi wanatafuta nani.

Baba, nilikuomba utafute msemaji. Kila nyumba inayopokea wageni wa posa ina msemaji wake, mtu wa maneno matamu na mizaha. Ukasema mdomo unao. Basi wageni wa mchumba wangu Kirunda wametoka Buwenge alfajiri, wamependeza, wamebeba vikapu, nawe ukawasimamisha mlangoni na Kiswahili cha gereza: “Simama! Nyinyi nani? Nani natuma nyinyi?”

Najua ulikuwa unatania. Ndivyo wageni wanavyoulizwa. Lakini mama yake Kirunda alipiga magoti, akaweka mikono kichwani, na watu wetu wakacheka wakidhani anaigiza. Hakuwa anaigiza! Wameondoka bila kula, na Kirunda hapokei simu zangu. Nimechoka, baba. Fanya kitu.

Mwanao,
Gorreti

Nabuyonga, Mbale
9 Machi 2024

Binti yangu,

Habari ya huko? Goti linauma, asante kwa kuuliza. Wewe unakula?

Sasa sikiliza. Swali la mlangoni ni desturi, umesema mwenyewe. Nimeuliza. Kosa liko wapi? Sauti? Sauti hii imepigisha gwaride askari magereza miaka thelathini na moja, na ndiyo iliyokulea kwenye kota. Marehemu mama yako nikimwambia chai yake tamu, alijibu, “Nimesikia, afande.” Kwaya ya kanisa wamenipanga nyuma, karibu na dirisha, na bado wanalalamika. Nyingine nitaitoa wapi uzeeni huu?

Matoke ya wageni arobaini yameliwa na majirani. Wabwire hata hakuona haya, akaomba kufungiwa ya nyumbani. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa. Mama mzima anakimbia swali! Waje wao waniombe radhi.

Baba yako,
Sajini Masaba (mstaafu)

Bugembe
2 Aprili 2024

Baba,

Natumaini u mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo mtoto hamwandikii mzazi.

Kirunda amekuja hatimaye, akanieleza. Mama yake, mama Nakisige, alikuwa na miaka minane wakati wa utawala wa wanajeshi. Askari walikuja Buwenge kumchukua baba yake, Yekosofati, fundi wa baiskeli. Walisimama mlangoni wakauliza kwa Kiswahili, “Nyinyi nani?” Watoto wakaamriwa kupiga magoti, mikono kichwani. Yekosofati hakurudi. Tangu siku hiyo Kiswahili hakizungumzwi katika nyumba ile. Kisha akaja kwetu kumposea mwanawe, akaulizwa vilevile, kwa sauti ileile, na watu wakamcheka.

Kirunda anasema hataoa bila mama yake. Siwezi kumlaumu. Nenda Buwenge, baba. Usitume mtu. Sema polepole, kama unavyosema na mgonjwa. Usipokwenda mimi sina ndoa, wala sina la kukuandikia tena.

Gorreti

Nabuyonga
6 Mei 2024

Binti yangu,

Hujambo? Barua yako hukuandika “mwanao”. Nimeona.

Wiki tatu nimefanya mazoezi ya sauti ndogo. Racheal wa dukani akaniuliza kama nina malaria. Jumamosi nikaenda. Nilimkuta mama Nakisige anamenya karanga barazani. Aliponiona alisimama wima, na mimi nikasahau yote niliyojifunza. Nikakaa chini na goti langu hili, nikaanza kumenya karanga zake. Saa nzima sikufungua mdomo.

Ndipo akasema, tena kwa Kiswahili, kumbe anakijua, “Wewe mzee, hata kunyamaza nanyamaza na nguvu.” Hasira zilinipanda, nakwambia kweli. Kusema kosa, kunyamaza kosa! Lakini nilimwomba radhi, kwa niaba yangu na ya wale waliocheka. Akasema watakuja tena Juni, ila msemaji awe mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo utaolewa. Acha kulia, kama unalia.

Kuna jambo jingine, na tangu juzi linanisumbua. Nilipoaga alinishika mkono wa shati. “Wewe nakaa jela miaka mingi,” akasema. “Jina ya baba yangu hapana ona kwa kitabu?”

Miaka yote hii, Gorreti, amekosa mtu wa kumwuliza. Mimi niliingia kazini baadaye sana, na jina hilo sijawahi kuliona katika daftari lolote la wafungwa.

Nikamjibu, “Hapana, mama.”

Hakusikia. Ikabidi nirudie.

Baba yako,
Masaba