Injini ya Mbuvi Imekataa Kuwaka

Syombua, uko? Siamini vile aunti Ndinda amefanya hapa bwawani Masinga!

Asubuhi injini ya boti yake ilikataa kuwaka. Mbuvi, yule wa boti ingine, akamwambia mbele ya abiria, "Mama, rudi jikoni." Jikoni! Akabeba abiria wa aunti wote.

Aunti akafungua plagi, akaipanguza, injini ikawaka.

Sasa ni zamu ya Mbuvi, injini yake imekataa. Amevuta kamba mpaka shati imelowa. Amebadilisha plagi, amemwaga petroli. Wapi! Abiria wamehamia kwa aunti.

Unajua ile klipu nyekundu ya swichi, ikitolewa injini haiwaki? Aunti aliichomoa Mbuvi akinywa chai. Ako nayo kwa sidiria!

Nimemwambia airudishe. Amesema, "Akuje aichukue jikoni."