Aliyeonja Kwanza

Pinga, tarehe 7 Agosti 2023

Kwa kaka yangu Élie, Lushebere,

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwako. Je, shemeji amepona malaria? Na maharagwe ya huko yamekubali? Sisi tungali hai. Rezo ya simu imekatika, kwa hiyo nampa mtu wa pikipiki barua hii.

Kaka, uliniuliza uzuri na ubaya wa filamu ya Kikorea uliyotutumia kwenye flashi, ile ya mama wa kambo na sumu. Nitakujibu kwa utaratibu.

Uzuri wake, inashika moyo. Hakuna anayetoka chumba cha video, hata kwenda kukojoa. Yule mama anawamiminia wageni chai, anaonja mbele yao, anatabasamu, na bado wanakufa mmoja mmoja. Prince, anayetufasiria filamu pale, alimpa sauti ya Mama yetu akiuza pombe: "Mukunywe, batoto, nimeisha onja!" Watu walicheka mpaka machozi. Mama aliposimuliwa, naye alicheka.

Ubaya wake, imewafundisha watu kwamba kuonja si kitu. Unajua hakuna muuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, asiyeonja kikombe cha kwanza mbele ya mteja; hiyo njo dhamana yetu. Ikawa Mama akionja, wateja wanakonyezana, eti hata ule mama wa Korea alionja. Pombe ikachacha ndani ya bidoni, lile dumu lake la plastiki.

Tena, flashi yako haikuwa na sehemu ya mwisho. Tulibaki tukiamini mama wa kambo njo muuaji.

Jumapili moja baada ya misa, Trésor, mtoto wa Papa Benoît, alishikwa na tumbo. Alikuwa amekunywa kwetu. Alikuwa pia amekula nyama iliyolala, lakini hilo hakuna aliyeuliza. Watu wakajaa uani. Papa Benoît akasema kikombe kimoja hakitoshi; kama pombe ni safi, mwenyewe amalize bidoni nzima. Mama akawajibu kwa upole kwamba atakunywa, ili watulie. Alikunywa. Alipotapika, walimjazia tena. Mimi walinishika mikono. Prince alikuwa mlangoni, akitazama.

Kaka, kaa chini. Mama amefariki. Alikabwa na matapishi yake, nao wakasema, munaona, sumu imemurudilia. Kesho yake Trésor alikuwa anacheza mpira.

Sehemu ya mwisho uliyoituma ilifika juzi, tumeisha kumzika. Muuaji alikuwa daktari wa familia. Mama wa kambo hakuwa na kosa lolote, naye alifia gerezani. Chumba kizima kililia. Nilimwona Papa Benoît akipangusa macho kwa kofia yake, akisema kwa sauti kwamba Wakorea hawana roho, kumtesa mama wa watu hivyo bila ushahidi.

Nisalimie shemeji na watoto. Uwaambie nyanya yao amelala bila ugomvi na mtu.

Mimi dada yako,
Aurélie Mukashema