Waya wa Teksi Niliofunga Mwenyewe

Kwako mke wangu, huko kwenu,

Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Chai napika mwenyewe, majirani wanadhani naunguza matairi.

Ile teksi imerudi mara ya tatu. Si unakumbuka taa ya injini iliwaka, nikasema ni sensa ya oksijeni, ile ya kwenye bomba la moshi, yaani ekzosi, hita yake ya ndani imekufa? Nikanunua mpya kwa kaka yako, taa ikawaka. Nikafunga nyingine, ikawaka tena. Ndipo nikaenda dukani kwake nikamwita mwizi wa spea feki mbele ya watu, nawe ukabeba begi.

Jana dereva akaniuliza, "Fundi, hiyo sensa unaipima au unaiombea?" Nikacheka, lakini iliniingia. Nikagusisha taa ya kupimia kwenye plagi ya sensa, umeme haufiki. Fyuzi nzima. Nikafuata waya chini ya gari, nikaukuta umelalia ekzosi, umeungua. Umefungwa kwa kamba yangu nyekundu, tangu siku niliyoshusha giaboksi.

Sensa za kaka yako zilikuwa nzima zote mbili.

Leo nimepita mbele ya duka lake mara nne, kila mara najifanya natafuta mtu. Kesho naingia, niseme mbele ya walewale. Usirudi kwa sababu ya barua hii, maana mdomo wangu unaujua. Subiri kaka yako akuambie mwenyewe kwamba nimesema.

Mumeo,
Fundi Maneno